Siku Nilipomkataza Mzee Gaspari Maziwa

Wanangu nisiowazaa, mnaosomea lishe, kila mara mnanipigia simu na swali lile lile: Mama, ni kweli mtu mzima akiacha maziwa tumbo linatulia na kilo zinashuka? Ni kweli. Kwa wengi ni kweli. Ningeweza kuishia hapo nikawaacha mwende zenu, lakini mimi ni mstaafu ninayeishi peke yangu, na mtu wa namna hiyo ukimuuliza swali umejitakia mwenyewe.

Kazi niliifanya Bujumbura miaka ya vita, kwenye kliniki ndogo ya mtu binafsi, nyuma kidogo ya maduka ya mtaa wa Asiatique. Nilikuwa na chumba kimoja, meza yenye mguu mfupi, na mizani ambayo lazima uipige kofi kabla mshale haujatulia. Wateja wangu walikuwa watu wa Kigobe na Kinindo, mitaa ya wakubwa, watumishi wa serikali na wake zao, wenye sukari, wenye presha, wenye magoti yaliyochoka kubeba tumbo. Na huko milimani, mahali unapopaona kwa macho ukisimama mlangoni pangu, watu walikuwa wanakimbia na watoto mgongoni bila kujua watakula nini. Mimi nimekaa mjini nawafundisha watu kupunguza kula. Nilikuwa naona haya, na sikuwa na mtu wa kumwambia haya hiyo.

Lakini vita haviponyi presha. Mtu aliyefungiwa ndani kwa amri ya kutotoka nje anakaa, anaogopa, anakula, anaogopa tena, anakula tena. Chai ya maziwa mazito yenye vijiko vinne vya sukari, asubuhi, mchana na jioni. Siagi ya ng'ombe juu ya maharage. Halafu ananiambia, "Madame, mi sikule kitu kabisa, iko nene ya bure." Nimeisikia "nene ya bure" hiyo mara nyingi kuliko jina langu.

Basi tuseme ukweli wa maziwa kwanza, msije mkasema bibi kizee amewapotezea muda. Mtoto mchanga ana uwezo wa kusaga ile sukari ya maziwa. Wengi wetu katika nchi hizi, tukishakua, uwezo huo unapungua. Maziwa yakiingia hayasagiki, yanachacha tumboni, na ndiyo maana mtu anajaa gesi, ananguruma, anakimbilia chooni. Wengine wanaishi hivyo miaka arobaini wakidhani tumbo la mwanadamu ndivyo lilivyo. Kipimo changu hakikuhitaji mashine: acha maziwa yote wiki mbili, na siagi, na yale ya unga ya kopo, kisha siku moja asubuhi kunywa gilasi moja tumbo likiwa tupu na ukae karibu na nyumbani. Jibu litakuja lenyewe.

Kuhusu kilo, msidanganyane. Maziwa peke yake hayamnenepeshi mtu. Kinachonenepesha ni maziwa mazito juu ya sahani iliyokwisha kujaa, pamoja na sukari inayosafiri nayo. Ukiacha chai ya maziwa, na ile sukari na mandazi yake vinaondoka, na hapo ndipo mkanda unapolegea. Ukiacha maziwa ukabaki na mandazi, hujaacha kitu. Na mifupa nayo inadai haki yake: mpe mtu ndagala, yaani dagaa wakavu, awale na vichwa na mifupa yao, mpe mchicha wetu wa lengalenga, sombe ya majani ya muhogo, maharage, soya kwenye uji. Mchuzi utakuwa mzito kwa karanga zilizosagwa. Na watoto, wanangu, msiwaguse. Mtoto aliyedhoofu kambini maziwa yake ni dawa. Niliyokuwa nayakataza ni ya watu wazima walioshiba.

Wateja walinifundisha ujanja wote. Bwana mmoja wa Kigobe aliacha maziwa akahamia kwenye bia, akanieleza kwa heshima zote kwamba bia haina maziwa. Mke wa mkubwa mmoja alikuja kilo zimepanda. Nikambana, akakiri kwamba kila jioni anakula barafu ya maziwa. "Lakini sikuinywa, Madame," akasema, "niliilamba tu."

Nilicheka naye. Kisha nikafunga chumba, nikarudi Buyenzi nilikopanga, nikapika ugali wa mtu mmoja. Mimi si Mrundi, nilizaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na vita vya huko vilipoanza mume wangu alipanda boti kwenda Kigoma kutafuta mahali pa kutuhamishia, nami nikavukia Bujumbura. Alisema wiki mbili. Sikupata barua wala salamu, na sijapata mpaka leo. Majirani walikuwa watu wema lakini siku zile watu hawakuulizana maswali, na mgeni wa Kongo aliulizwa machache zaidi. Zilipita siku ambazo sauti yangu niliisikia kazini tu, nikisema "panda" na "shuka".

Nawaambia habari ya Uvira kwa sababu kosa langu lilitoka huko. Kwetu ni watu wa samaki. Mtoto akishaachishwa ziwa, habari za maziwa zimekwisha. Kwa hiyo kumwondolea mtu maziwa, kwangu mimi, kulikuwa sawa na kumwondolea soksi. Sista aliyenifundisha kazi, mama mwembamba mwenye mikono mikavu, alikuwa na maneno yake: "Kabla hujamutolea mutu kitu kwa sahani, uliza kwanza ilifikaje pale." Nilidhani anazungumzia soko.

Mzee Gaspari alikuja kwangu akiwa na fimbo. Alikuwa mkuu wa ofisi fulani ya serikali, sasa amestaafu, mke amefariki, watoto wametawanyika Ulaya. Alikaa peke yake kwenye nyumba kubwa ya Kinindo. Uzito umezidi, magoti mabaya, tumbo linamsumbua siku nyingi za wiki. Nikamuuliza anakula nini, akataja, na kwenye maziwa akasema anakunywa karibu nusu lita, mara tatu kwa wiki. Mabichi, yenye mafuta yake yote. Sikuuliza yanatoka wapi. Nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: MAZIWA HAPANA. HATA TONE. Nikaipigia mstari chini. Nilikuwa naipenda sana mistari siku hizo.

Mzee aliisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. "Hata kidogo, Madame? Hata ya heshima?"

"Maziwa haina heshima, Mzee. Iko maziwa tu."

Hilo nililisema kwa kinywa changu. Nimelikumbuka mara nyingi.

Na ilifanya kazi! Mwezi wa kwanza tumbo lilitulia. Mwezi wa pili fimbo aliiacha nyumbani. Nilimwonyesha kwa wateja wengine, nikisema mtazameni Mzee Gaspari, huyu ndiye anayesikia la muganga. Yeye alisimama tu, mikono nyuma. Mwezi wa nne nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama nisingekuwa nimelewa sifa. Kilo zilikuwa bado zinashuka. Tulikwisha kufika pale nilipopataka, tukapapita. Shingo imeingia ndani ya kola. Nikamuuliza kama anakula, akasema anakula. Wanangu, mtu akijibu neno moja kuhusu chakula, vaeni viatu mwende kwake.

Nilikwenda alasiri ya Jumatano. Alinifungulia geti mwenyewe. Jikoni sufuria zilikuwa safi kupita kiasi, na juu ya meza kulikuwa na ndizi mbili na nusu mkate uliokauka. Nikaanza kumkaripia. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Rejimu yako ya chakula ni nzuri, Madame. Tumbo imenyamaza. Na nyumba imenyamaza."

Ndipo akanieleza. Yale maziwa hayakuwa ya dukani. Yaliletwa na Mzee Lazaro, mtu wa Kanyosha pembezoni mwa mji, aliyekuwa tarishi ofisini kwake. Miaka mingi kabla ya vita, Gaspari alimgawia Lazaro ng'ombe jike. Mlio Warundi mnajua uzito wake: mtu akikupa ng'ombe mmefungamana, na maziwa ya uzao wa ng'ombe yule yatarudi kumsalimia aliyetoa mpaka mmoja wenu azikwe. Vita vilipoanza, mmoja alikuwa wa upande huu na mwingine wa upande ule. Sitawaambia nani alikuwa nani, na siku hizo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lakini Lazaro aliendelea kuja kwa baiskeli, akivuka bariyeri za askari, na inkongoro imefungwa nyuma kwa kitambaa, kile chombo cha maziwa cha mti chenye mfuniko wa kufumwa. Akifika alionja yeye kwanza, kama desturi ilivyo, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Kisha Gaspari anakunywa. Kisha wanaongea mpaka jua lipoe, halafu Lazaro anarudi. Katika mji ambao watu waliacha kunywea nyumba moja hata na shemeji zao, wale wawili walikuwa wanakunywea chombo kimoja.

"Na ulipomukatalia, ulimwambia nini?" nikauliza.

"Nilimwambia, leo apana."

"Basi?"

"Akaonja tena mbele yangu. Nikasema apana. Siku ya pili akaonja mara mbili. Siku ya tatu akanywa nusu nzima, ananiangalia. Nikasema apana."

"Mzee, kwa nini hukumwambia ni muganga alikukataza?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Nimwambie nini, Madame? Mutu alikuwa ananibebea makaratasi, anasimama nikipita. Nimwambie mi naharisha?"

Lazaro alifunika chombo chake, akakifunga kwenye baiskeli na kuondoka. Hakurudi tena. Na Gaspari hakuweza kumfuata Kanyosha, maana kwa uso wake asingefika mbali kule. Kwa hiyo alikaa ndani, tumbo limetulia, akisikiliza geti.

Niliketi kwenye kiti cha jikoni nikalia. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, maana hiyo ya kusikiliza geti niliijua. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu mgeni wake pekee, nikapiga mstari chini.

Jumamosi nilikwenda Kanyosha. Kulikuwa kumetulia kwa siku chache, na cheti changu cha mgeni kilikuwa na faida hiyo moja: kila upande uliniona si wao, ukaniacha. Nilimkuta Mzee Lazaro anakata majani ya ng'ombe, mtu mfupi, mikono mikubwa. Nikajitambulisha, nikasema natoka kwa Mzee Gaspari. Panga likasimama.

"Amekutuma?"

"Apana. Nimejituma."

"Mwambie mi sina neno naye," akasema. "Lakini kama alizani miaka yote ile mi nitakuja kumutilia sumu kwa maziwa ya ng'ombe yake mwenyewe, basi hakunijua. Ndiyo kinaniuma. Kama alinikatalia mara moja, ni sawa, mutu anachoka. Mara tatu!"

Nikamweleza. Siri za mgonjwa hazitolewi, hilo nawafundisha hata leo, na siku ile nilizitoa zote hadharani mbele ya ng'ombe. Nikamwambia ni tumbo. Hakuamini. Nikamwambia ni mimi niliyemkataza, kwa mwandiko wangu. Akageukia majani yake. Sikujua nifanye nini tena. Nikamwambia ukweli mbaya kabisa, neno kwa neno, kwamba mzee anaharisha akinywa maziwa na aliona haya kumwambia.

Bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akaweka panga chini. "Yeye pia!" akasema. "Madame, na mi pia! Tangu niko kijana, maziwa inanifanya vibaya. Kila siku nikitoka kwake, nafika pale kwa migomba ya daraja, naacha baiskeli kwa njia, nakimbia kwa majani. Askari wa bariyeri walikuwa wananicheka!"

"Sasa kwa nini ulikuwa unakunywa?"

"We! Ningemupa kitu mi mwenyewe sionje?"

Kisha akalia kweli. Wanaume wawili wazima, wameumwa tumbo miaka yote hiyo, kila mmoja kwa kumheshimu mwenzake.

Nikaona kazi imekwisha, nikaanza kupanga mambo kama muganga. Jumapili aende, nikamwambia, abebe ndagala, watapika pamoja, wanywe chai ya tangawizi. Akanikatiza pale pale kwenye ndagala.

"Samaki? Nibebe samaki kwa mutu alinipa ng'ombe?"

"Basi beba maharage."

"Madame, kilichokataliwa ni maziwa. Kitapokelewa maziwa. Kisha atakula majani yako yote, na mi nitakula."

Tukabishana pale muda mrefu. Mimi nikasema hapana, yeye akasema ndiyo, ng'ombe anatutazama. Mwishowe nikamkubalia funda moja. Funda moja matumbo mengi yanalivumilia, hata mabovu. Mliandike hilo daftarini kama mnaandika, kwamba "hata tone" ni maneno ya mtu asiyejua kazi. Tangu siku ile sikumwondolea mtu chakula bila kwanza kujua nani anakileta na wanakaa kwenye viti vipi. Wapo waliobaki na kikombe kimoja kwa wiki kwa ruhusa yangu, na walipungua vizuri kuliko wale wa mstari chini, kwa sababu hawakuwa na cha kunificha.

Wazee wale wamekwisha kufa wote wawili, kwa umri wao na kwenye vitanda vyao, na kwa Bujumbura ya miaka ile hiyo ni neema. Lakini nataka niwaambie Jumapili yenyewe.

Nilifika kwa Gaspari mapema kwa kisingizio cha kumpima presha. Sikumwambia kitu, kwa hofu kwamba Lazaro angebadili nia au bariyeri ingefungwa. Saa tisa geti likagongwa. Mzee Gaspari alikwenda polepole, suruali ameikaza kwa mkanda uliotobolewa tundu jipya. Akafungua. Walisimama bila kushikana mikono.

"Amashyo," akasema Lazaro. Ndiyo salamu yao ya zamani, uwe na makundi ya ng'ombe.

"Amashongore," akajibu Gaspari, akasogea kumpisha.

Walikaa barazani. Lazaro akafunua chombo, akanywa, akafuta mdomo, akakishika kwa mikono miwili na kukitoa mbele. Gaspari akanigeukia kama mwanafunzi anayetaka kutoka darasani. Nikatazama ukuta. Akapiga funda moja. Kisha la pili. La tatu nikaacha kuhesabu, maana si kila kitu muganga lazima akione. Walianza kuzungumza habari za ng'ombe, kwamba amezaa tena, kwamba ndama ana doa jeupe, na Gaspari akauliza doa liko wapi hasa, na Lazaro akamchorea kwa kidole kwenye goti lake.

Nilichukua mkoba wangu niage. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote tangu boti ile iondoke, maana furaha ya watu wengine ndivyo inavyomfanya mtu aliye peke yake.

Lazaro akainuka. Akachukua inkongoro, akaonja upya, funda dogo, akanitazama usoni, akanipa kwa mikono miwili.

"Na we, Mama."

Hakuniita Madame. Nilikwisha fungua kinywa niseme kwamba mimi sinywi, kwamba kwetu hatunywi, kwamba tumbo langu silijui. Nikakumbuka ni muda gani umepita tangu mtu aonje kitu kwanza ili mimi nisiogope. Nikapokea. Yalikuwa ya uvuguvugu, yana harufu ya moshi wa kile chombo, na sikuyapenda. Niliyanywa yote yaliyobaki.

Kwenye daraja la njia ya Buyenzi, bariyeri ilikuwa na askari kijana ambaye sikuwahi kumwona. Tumbo lilikwisha anza kunguruma. Akanyoosha mkono apewe cheti.

"Unatoka wapi, Mama?"

"Natoka kwetu," nikasema.

Akasoma cheti, pale palipoandikwa Uvira na pale palipoandikwa mgeni, akatazama upande wa Kinindo nilikotoka, akanitazama mimi. Alinirudishia bila kuuliza zaidi. Nilitembea mpaka Buyenzi nimeshika tumbo, nikisimama kila baada ya hatua chache, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haraka ya kufika nikajifungie ndani.